Kura ya Kidole

Mama mkwe wangu ana r moja tu mdomoni, na huitumia kwa kazi zote. Nyumbani kwake Kalimoni watu hukura ugari, hurara mapema, na murango hufungwa kabra giza haijaingia. Mimi nilizaliwa upande wa Kakamega, na nilipoolewa hapa sikuwa na haki ya kumcheka mtu, maana ulimi wangu nao ulikuja na mizigo yake. Kwetu b hugeuka p bila kuomba ruhusa. Marehemu baba mkwe nilimwita "papa" mpaka tukamzika, na hakuwahi kunisahihisha hata mara moja. Watoto wangu, waliozaliwa hapa na wanaosema Kiswahili cha vijana wa Juja kisichoegemea upande wowote, hutukalisha sisi wawili jikoni na kutugeuza sinema. "Cucu, sema lori." Nyanya yao anasema rori. "Mum, sema bibi." Nasema pipi. Hapo wanaanguka kwa kicheko, na sisi wawili tunatazamana na kuendelea kumenya viazi.

Kuna jambo la pili ambalo watoto waligundua kabla yangu. Mami, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, akiwa ametulia hutumia r peke yake. Lakini akisimama mbele ya watu anaowaheshimu, daktari, mwalimu mkuu au mhubiri mgeni, hukumbuka kwamba Kiswahili kina l pia. Basi kwa heshima huitoa, kama mtu anayetoa vikombe vya wageni kabatini, na kuipanga kila mahali. Habari inakuwa habali. Barabara inakuwa balabala. Mhubiri mmoja kutoka Ruiru alikaribishwa nyumbani kwa "kalibu, kalibu" nyingi hata akadhani anaambiwa asogee karibu zaidi, akahama kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

Naeleza haya mapema kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa kilichotokea katika ukumbi wa kanisa letu, wala kwa nini mpaka leo natembea kifua mbele nikikikumbuka.

Kazi yangu ni waridi. Nafanya katika shamba moja la maua upande wa Thika, kwenye jengo la kugredi, ambapo unasimama mezani kutwa ukiangalia kichwa cha ua, urefu wa shina na afya ya majani, kisha unafunga mafungu ya kwenda Ulaya. Watu hudhani ni kazi ya kunusa manukato. Waje wasimame pale na viatu vya mpira, vidole vimechanjwa na miiba, halafu tuongee habari za manukato. Lakini naipenda kazi hiyo na naiweza. Fungu nililolifunga mimi halilegei njiani, na halina ua moja lililoinama likijifanya limesimama. Sijawahi kupanda ndege, ila kuna meza za watu huko ng'ambo zilizopendeza kwa mikono yangu, na wala hawajui.

Mami yeye ni mtu wa maziwa. Ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na maziwa yao huenda kwa wenye hoteli wa Witeithie, wale wa chai na mandazi kando ya barabara. Humwambia hakuna chai inayoshinda ya maziwa yake. Anajua wanambembeleza, lakini hachoki kusikia.

Huniita Maitu, yaani mama yangu. Kwa desturi ya watu wa hapa, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, kwa hiyo nilipomzaa msichana wangu nilihesabiwa kwamba nimemzaa Mami mwenyewe. Nilikuja nikiwa mgeni wa kutoka mbali, nisiyejua hata kuomba chumvi kwa Kikuyu, na ghafla nikawa mama wa mama mkwe wangu. Sijapewa cheo kikubwa kuliko hicho mahali popote.

Sasa, mkataba. Ulianza kusikika kazini. Supavaiza wetu alituambia kwamba nchi yetu inataka kutia sahihi mkataba wa biashara na Ulaya, na kwamba usipopita, maua yetu yatatozwa ushuru mlangoni mwao, na wanunuzi watatafuta waridi kwingine. Aliposema kwingine alitutazama mmoja mmoja, tukaelewa. Nilirudi nyumbani na habari hizo, nikamkuta Mami amekaa kando ya redio yake na habari nyingine. Yeye alikuwa amesikia kwamba mkataba unafungua mlango pande zote mbili, na kwamba siku moja maziwa ya unga kutoka Ulaya yanaweza kuingia hapa kwa bei ambayo ng'ombe wa Kalimoni hawaiwezi. Mimi nilikuwa na mkataba wa maua na yeye alikuwa na mkataba wa maziwa, na ulikuwa mkataba mmoja.

Hatukugombana. Nyumba yetu haigombani juu ya vitu vya mbali. Lakini jioni nyingine mtu alipiga simu redioni akasema kwamba huko Ulaya kwenyewe, katika baadhi ya nchi, mkataba mkubwa ukija wananchi huulizwa kwanza, wakapanga foleni na kupiga kura ya ndiyo au hapana. Mami aliacha kufuma sweta.

"Wanaurizwa?" akasema.

"Paadhi yao, Mami. Ndivyo amesema."

"Wao wanaurizwa kuhusu mkataba, na sisi tuko upande ure mwingine wa huo mkataba, hatuurizwi?"

Mume wangu, ambaye hubeba mawe ya ujenzi kwa lori na hupenda kula kwa amani, alijaribu kulimaliza jambo hilo pale pale. "Mami, hiyo mkataba ni kitabu nene hivi, na Kiingereza ya mawakili. Hapa Kalimoni nani ataisoma?"

"Katiba irikuwa nyembamba? Na turiipigia kura."

"Katiba ilikuwa mambo yetu."

"Na maziwa yangu ni mambo ya nani?"

Mume wangu akarudia ugali wake. Mimi sikumtetea Mami, na sababu yangu ilikuwa rahisi: niliiogopa kura hiyo. Ukiwauliza watu wa hapa, wenye ng'ombe ni wengi kuliko wenye waridi. Nilipiga hesabu zangu kimya kimya nikaona Mami anapiga hapana, jirani anapiga hapana, na mimi narudi nyumbani nikiwa nimebeba viatu vyangu vya mpira kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa nampenda mama mkwe wangu na nilikuwa naomba wasimsikie.

Jumapili moja, baada ya ibada, katibu wa kanisa alitangaza kwamba maafisa watakuja katika ukumbi wetu kupokea maoni ya wananchi kuhusu mkataba huo. Wakenya tumezoea vikao hivi. Siku hizi hata choo cha soko hakijengwi kabla watu hawajakusanywa na kuulizwa, na wakishaulizwa, choo hujengwa palepale kilipokuwa kimepangwa. Wengine huenda kwa ajili ya soda. Lakini Mami alilichukua tangazo lile kama barua iliyoandikwa kwake. Juma zima alikuwa akikamua huku akijisemea. Nilimsikia kutoka jikoni, akizipanga l zake.

Kazini nako supavaiza alituruhusu wachache twende. Alisema twende tukaseme maua ni maisha yetu, na yeye angekuja pia. Ndivyo ilivyotokea kwamba siku ya kikao niliingia ukumbini na wenzangu wa maua, nikamwona Mami mstari wa mbele, na kitambaa chake cha buluu cha akina mama wa kanisa, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Nilitoka kwa wenzangu nikaenda kuketi kando yake. Supavaiza akakaa nyuma yetu.

Maafisa walikuwa wawili. Mmoja alieleza mkataba kwa muda mrefu, kwa Kiingereza kilichopakwa Kiswahili juu juu. Wa pili, kijana mtanashati aliyevaa suti, alisimama kando ya karatasi kubwa iliyotundikwa, na kalamu nene mkononi, kuandika maoni ili sote tuyaone. Sikumchukia. Alikuwa na adabu na alionekana hajala tangu asubuhi.

Mtu wa kwanza alisimama akauliza barabara ya kwenda kwao itawekwa lami lini. Akaambiwa si mada ya leo, lakini ikaandikwa. Wa pili akauliza habari za maji. Ikaandikwa. Mwenzangu mmoja wa maua akasema maua ni maisha yetu, tukapiga makofi kama tulivyoagizwa, na supavaiza akatabasamu. Kisha Mami akainua mkono.

Alisimama taratibu, akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokunywa maziwa yake tangu utotoni. Nikamwona akivuta pumzi, nikajua anafungua kabati la vikombe vya wageni.

"Habali zenu," akasema. "Mimi ni mkulima wa maziwa wa hapa Kalimoni. Bwana afisa, tumeshukulu kwa kutuelezea. Sasa sisi wananchi tuna jambo moja tu. Tunataka kula."

Kicheko kidogo kilianza nyuma. Yeye hakukisikia, alikuwa amekazana.

"Hii mkataba ni kubwa. Wabunge wasimalizane nayo pekee yao. Watupatie kula. Kila mtu mzima. Bila kula, hakuna mkataba!"

Ukumbi ukapasuka. Watu walijipiga magotini kwa viganja, wengine wakafunika nyuso na kofia. Nusu ya waliocheka wana ugonjwa uleule, na kama ningewasimamisha mbele ya afisa wangemwomba kula vilevile. Kijana wa suti alitabasamu kwa upole kabisa, akasema, "Usijali, mama. Soda na mkate ziko njiani." Kisha akageukia karatasi yake na kuandika, chini ya barabara na maji, kwa herufi kubwa: WANANCHI WANAOMBA CHAKULA.

Nina hasira ya karibu. Mume wangu huijua, watoto huijua, na meza ya kugredi inaijua. Nilisahau supavaiza, nikasahau kwamba kura ile mimi mwenyewe sikuitaka. Nilichokiona ni mwanamke aliyejiandaa juma zima, na neno lake limebandikwa ukutani likiwa limegeuzwa njaa. Nikasimama.

"Hajasema kula!" nikapaza sauti. "Amesema kura! Kura! Punge litupatie kura!"

Laiti ningeketi. Mwanamume mmoja kutoka upande wa dirisha akauliza, "Na hiyo punge inakuliwa na chai ama na soda?" Basi hapo hata mhubiri wetu alicheka. Wenzangu wa maua walilia machozi. Nilisimama pale nikiwa nimeenda kuzima moto na mkebe wa mafuta ya taa, na Mami kando yangu akanitazama kwa huruma.

Kisha akaitazama karatasi. Alikuwa hajaisoma bado; miwani yake ilikuwa mkobani. Aliitoa, akaivaa, akasoma neno chakula, na nikaona uso wake ukibadilika. Zile l zote zikamtoka.

"Chakura?" akasema. "Nani ameomba chakura? Mimi nimekura kwangu! Sikuja hapa kura, nirikuja hapa kura!"

Sasa maneno yote mawili yalikuwa moja kabisa, na hata mimi niliyemjua nisingeweza kuyatenganisha. Watu walikuwa wameegemeana kwa kucheka. Mtu mwingine yeyote angekaa chini. Ningekaa mimi, na mimi si mwoga. Mami alibaki amesimama, akingoja kicheko kipungue kama anavyongoja ng'ombe aache kupiga teke ndoo. Kilipopungua, aliuweka mkoba kitini, akainua mkono wa kushoto juu, akakunja vidole vyote isipokuwa kile kidogo cha mwisho.

"Hii," akasema. "Si ya mdomo. Ya kidore."

Sidhani kuna mtu mzima katika nchi yetu asiyekijua kidole kile. Ndicho tunachochovya katika wino siku ya uchaguzi, halafu tunakaa nacho siku kadhaa tukikiosha bila kutaka kitakate. Mami alikishikilia juu, kimepinda kwa kukamua miaka yote ile, na ukumbi ukanyamaza kidogo kidogo, mstari baada ya mstari, mpaka nikasikia kuku nje.

"Mimi sijasema ndio," akaendelea, kwa r zake za nyumbani, bila kumwogopa mtu. "Sijasema hapana. Nimesema niurizwe."

Afisa wa kwanza, yule mweleza mambo, akasema kwa heshima kwamba kwa mujibu wa sheria mikataba kama hii hupitishwa na bunge, na kwamba wabunge ndio tuliowachagua watuamulie.

"Ni kweri, mbunge nirimtuma," akasema Mami. "Rakini ukituma mtu soko anunue nyanya, akipata huko ng'ombe anauzwa, hanunui tu. Anakupigia simu kwanza."

Safari hii kicheko kilikuwa chake. Watu walipiga makofi, na yule wa dirishani, aliyeniuliza habari za punge na chai, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua kidole kidogo. Mwanamke wa mboga akainua. Wazee wawili wa kanisa. Kisha mwenzangu wa maua, yuleyule aliyesema maua ni maisha yetu, akainua chake, kimezungushiwa plasta. Nilihisi supavaiza nyuma ya shingo yangu. Nilimwaza mume wangu na karo, nikaziwaza zile waridi mezani, nikainua kidole changu juu kadiri mkono ulivyofika. Kama alikuwa anaangalia, aone.

Ukumbi mzima ulikuwa vidole vidogo. Wenye ng'ombe na wenye maua, waliotaka mkataba na wasioutaka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na mimi kazi yangu ni kuangalia vitu vizuri kutoka asubuhi mpaka jioni.

Kijana wa suti alikuwa ametulia kabisa. Alifungua kalamu yake, akakata lile neno chakula kwa mstari, akaandika upya. Alipomaliza akataka kufunga kalamu.

"Soma," akasema Mami.

Akasoma: "Wananchi wanataka mkataba uamuliwe kwa kura ya wananchi wote."

"Ya nini?"

Kijana akasita, kisha akainua kidole chake kidogo, na bila tabasamu lolote akasema, "Ya kidole, mama."

"Sasa tunaeza kunywa hiyo soda," akasema Mami, akaketi.

Tulitoka pale tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Sikutaka kuuachia mkono wake. Nilitaka kila mtu wa Kalimoni aone naenda na nani. Niliwaambia watu ambao hawakuniuliza: yule ni mama mkwe wangu. Yule mimi ni mama yake. Mtu mmoja alijaribu kunitania, "Na wewe ni wa punge?" nikamwambia ndiyo, mimi ndiye wa punge, na punge hilo lituheshimu.

Habari ikatembea haraka kuliko sisi. Huko machimboni anakochukua mawe, waliomjua mume wangu walimwuliza kama yule cucu wa kidole ni mama yake, na yeye, aliyesema kwamba mambo hayo ni ya mawakili, alijibu "Ni mathe wangu kabisa" na kusimulia kisa kizima kana kwamba alikuwepo. Vijana wa bodaboda pale Juja walianza kumsalimia Mami kwa kuinua kidole kidogo: "Sasa cucu!" Naye huinua chake na kujibu poa, neno ambalo kwa bahati njema halina r wala l.

Supavaiza hakunifanya kitu. Kesho yake alipita mezani pangu, akachukua fungu moja la waridi, akaligeuza, akalirudisha. "Wewe na mama yako," akasema, akitikisa kichwa. Nikamwambia asante. Sijui kama alikuwa ananisifu, lakini niliichukua hivyo.

Tukangoja. Mami aliweka redio karibu zaidi na zizi. Nadhani aliamini kabisa kwamba watatuita, kwamba siku moja shule ya msingi itafungwa na madawati yatapangwa, na yeye ataamka mapema na kitambaa chake cha buluu. Mimi pia nilianza kuamini, na ajabu ni kwamba ile hofu yangu ilikuwa imepungua. Nilijiambia, wakipiga hapana, angalau watakuwa wamenipigia watu ninaowajua, na nitawauliza kwa nini.

Hawakutuita. Bunge liliupitisha mkataba lenyewe huko Nairobi. Tulitangaziwa kazini, na watu walishangilia, na mimi nilishangilia, maana kazi yangu ilikuwa imepona na mimi si mtu wa kukataa mkate wangu. Lakini shangwe ilinikwama katikati. Nilifunga mafungu yangu mpaka jioni bila kuimba, na mimi huimba.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mami nyuma, anachuja maziwa kwenye sufuria kwa kitambaa cheupe. Redio ilikuwa imezimwa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Maitu, umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mami."

"Huko kwa maua wamefurahi?"

"Wamefurahi."

"Na wewe?"

"Nimefurahi kwa ajili ya kazi," nikasema. "Na nimekasirika. Wangetuuliza. Hata kama ungepiga hapana, Mami, mimi ningekuelewa."

Aliacha kuchuja. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

"Hapana? Nani amekuambia nirikuwa nipige hapana?"

"Si maziwa yako…"

"Maziwa ikikosa soko nitauza ng'ombe," akasema. "Wewe ukikosa kazi, nitakuuza wapi?"

Kumbe muda wote ule, akinyoosha l zake zizini, akisimama mbele ya kicheko cha ukumbi mzima, akishika kidole juu, alikuwa anapigania nafasi ya kuwakubalia. Wale waliotuogopa sisi na foleni zetu walikuwa wamemwogopa mwanamke huyu, ambaye alikuwa upande wao.

Mami aliinama, akashika tena kitambaa chake kwa ncha zote mbili.

"Nirikuwa nimewawekea ndio yao hapa," akasema. "Hawakukuja kuiomba."